Walivyokutia Kwenye Fremu

Kimbo, Ruiru.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Muoki,

Habari za huko ng'ambo ya mpaka? Miguu yako iko aje, bado yale mabuti yanakuchuna vidole? Unapata maji ya kuoga, au ni yale ya kulowesha kitambaa na kushukuru? Unalala? Wenzako wako salama? Ukiwa mzima nami nitakuwa mzima. Ukiwa mgonjwa niambie wewe mwenyewe, maana habari zako zikipitia kwa watu huoza njiani.

Sisi huku tupo. Baridi ya Juni imeingia kwa fujo, na shemeji yako Simeon anavaa koti la mvua ndani ya nyumba akisema si baridi, ni tahadhari. Beth wangu ameng'oka meno ya mbele, na kila akitaja jina lako anatutemea mate. Kule Theta, nyumbani kwa mama, ng'ombe wa Mwaitu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Hilo la ng'ombe liweke akilini, utalihitaji.

Sasa tuongee. Najua una kinyongo na mama yetu. Ile Ijumaa ulipopata simu ya mwenzako ukampigia Mwaitu, alisikia sauti yako akakata. Ukapiga tena, akakata tena, kisha akazima simu kabisa. Tangu siku hiyo hujapiga. Labda ni mtandao, lakini nakujua, nadhani ni hasira. Muoki, hukumkosea Mwaitu chochote. Alikata simu kwa sababu alikuwa anaamini umekufa, na mpaka leo anaamini hivyo. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hukufa kwa risasi. Uliuawa na kamati.

Unamkumbuka Kagwe, yule wa kuuza ploti, anayevaa miwani ya jua hata wakati wa maombi? Sasa anataka kuwa MCA, mwakilishi wa wadi. Na mtu akitaka kiti hapa kwetu huanza kuwapenda watu ambao juzi hakujua kama wapo. Mwaka huu amewapenda askari. Alisimama kanisani hapa Kimbo akatangaza Kamati ya Vifurushi vya Mashujaa. Mwenyekiti ni yeye. Katibu ni mjomba wetu Urbanus, ambaye hajawahi kukutumia hata salamu, lakini mpe cheo na kalamu ya kuning'iniza mfukoni, atakuuzia nyanya yake mzaa mama.

Kila nyumba yenye mtoto jeshini iliambiwa ilete kile inachotaka kumtumia. Mwaitu alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Alinunua uzi wa sweta akaanza kukufumia soksi, kwa sababu ya yale mabuti. Akajaza chupa ya asali, akakaza kifuniko, akakifunga na mfuko wa plastiki na kamba juu yake. Urbanus akaja kuchukua, na kesho yake tukasikia kwamba kamati imeamua vifurushi vyote viwe sawa, asije askari mmoja akajisikia vibaya. Asali ikakataliwa kwa sababu si kila mama ana mzinga. Ilibaki kwa Urbanus, eti kwa usalama, na nilipomwona siku ya pili mdomo wake uling'aa kama amepakwa mafuta ya ubatizo.

Unataka kujua ni nini kilichokuwa ndani ya hivyo vifurushi vya usawa? Kofia yenye sura ya Kagwe. Kikombe chenye sura ya Kagwe. Pakiti ya biskuti, ambayo kwa bahati haina sura ya mtu. Na barua ya kupigwa chapa, inaanza Mpendwa Shujaa Wetu, halafu vidoti vya kuandikia jina. Hakuna aliyejisumbua kuandika jina hata moja. Kifurushi kikikufikia, biskuti kula. Hizo nyingine utajua mwenyewe, mko na choo cha shimo huko.

Hayo yote ningeyacheka. Lakini Kagwe alitaka Jumapili ya kuaga vifurushi, na kwa hiyo alitaka picha zenu. Urbanus akaenda Theta akamwambia Mwaitu ni za kuombewa. Mwaitu akampa ile ya siku uliyohitimu mafunzo, ile ambayo hakuwahi kumwazima mtu yeyote, hata mimi. Urbanus akazipeleka kwa yule mtu wa picha kule Ruiru mjini, anayechapisha programu za mazishi na kutengeneza picha kubwa za marehemu. Mtu kama huyo, akiletewa picha ya kijana mwenye magwanda, akaambiwa aifanye kubwa ya kuwekwa mbele ya kanisa, atauliza nini zaidi? Alifanya kazi yake vile huifanya kila siku. Yeye simdharau.

Ninaowadharau ni wale waliozipokea, wakaziona, wakasema ni maridadi.

Wewe unajua desturi yetu. Picha kubwa kwenye fremu ya dhahabu, imesimamishwa mbele ya madhabahu, maua meupe pembeni na utepe wa zambarau kwenye kona: hiyo huwekewa mtu mmoja tu, yule aliyelala kwenye sanduku hapo chini yake. Hata bibi harusi hajawahi kuwekewa. Kamati nzima ya watu wazima, wote wamezika wazazi wao, waliwapanga ninyi mbele pale mstari mmoja, wakawasha mishumaa, wakarudi nyuma kuangalia kama mmenyooka.

Mwaitu alichelewa kwa sababu ya ng'ombe. Aliingia na kile kitambaa chake kipya cha kichwa, akitembea kwa madaha, mama wa shujaa. Kwaya ilikuwa inaimba. Nilimwona anasimama mlangoni, nikainuka nimfikie kabla hajasoma, lakini nilichelewa. Chini ya kila picha yule mtu alikuwa ameandika vile huandika siku zote. Yako ilisema: Macheo, 3 Machi 1997. Kisha Machweo, pa siku ya kufa, na hapo pameachwa wazi.

Mwaitu aliisoma kwa sauti, polepole, vile husoma Biblia. Hakulia. Alikaa sakafuni palepale mlangoni akavua viatu. Na Kagwe, Muoki, Kagwe alimwona, akamwashiria mpiga picha wake amchukue mama wa shujaa akiwa ameguswa na upendo wa kamati. Nilimwambia huyo mpiga picha maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua, na niliyasema ndani ya nyumba ya Mungu, na sijatubu.

Nilimweleza Mwaitu pale pale kwamba ni makosa ya wajinga. Mchungaji akaeleza. Simeon akaeleza, na koti lake la mvua. Alitutazama kama watu wanaoficha kitu. Kabla hatujamfikisha Theta habari zilikuwa zimetutangulia. Jirani yake Warigia alikuwa amekuja na sufuria ya chai na mzigo wa kuni, akasema, "Pole sana mama Muoki, huyo kijana alikuwa mpole." Wewe, mpole! Huyo namsamehe, alibeba kuni kwa mgongo wake mwenyewe. Lakini kulikuwa na kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, Kumsindikiza Afande Muoki, watu wamejaa kuliko mkutano wa chifu, wanapanga hema na siku. Urbanus aliingizwa humo. Yeye ndiye mtu pekee humo aliyejua uko hai na kwamba picha aliipeleka yeye. Unajua aliandika nini? Aliuliza ni nani mwenyekiti.

Nilikwenda mpaka lango la kambi yenu Thika. Afande wa pale aliingia ndani, akakaa, akatoka akaniambia uko kazini na hakuna habari mbaya yoyote. Nikarudi nikamwambia Mwaitu kwamba jeshi likiwa na habari ya kifo huleta gari na padri mlangoni, halitumi Kagwe na maua. Akasema, "Hao huficha kwanza mpaka wajipange."

Kisha ndiyo ukapiga ile Ijumaa. Nilifurahi ajabu niliposikia, nikajua mambo yameisha. Lakini Mwaitu aliniambia ni wakora wa simu, siku hizi wanaiga hata sauti ya mtu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Muoki wangu angeuliza ng'ombe kwanza. Huyo ameniuliza mimi niko aje."

Ndugu yangu, miaka yote hiyo unapiga simu unauliza ng'ombe kabla ya mama yako, na tunakusema vibaya. Ni nani alikufundisha adabu wiki ileile?

Nikasema basi utume picha. Hataki kusikia. Picha amezichoka, na ile yako ameitoa kwenye fremu akailaza kifudifudi chini ya mto wake. Amefunga kichwa kitambaa cheusi. Anakamua, anakata nyasi, anarudi, anakaa kwenye stuli akitazama lango, na chakula ninachompelekea anawapa kuku. Amekonda, Muoki. Mimi nina hasira nyingi, lakini chini ya hasira naogopa. Kagwe na fremu zake wameshasahau, wako kwa bodaboda sasa, wanawagawia makoti ya kung'aa. Huyu mama wamemwacha hapo.

Nikuongezee na hili ucheke kidogo. Kagwe alikuja Theta kuomba msamaha, akiwa na katoni ya kofia. Akasema, "Lakini mama, maua ni heshima. Si hata harusi iko na maua?" Mwaitu akainuka akaenda kukata nyasi. Basi Kagwe akageuka kwangu, akashusha sauti, akaniuliza kama fremu inaweza kurudi, kwa vile ni mali ya kamati. Nilimwambia iko kazini, kioo chake kimefunika vifaranga wasipigwe na baridi. Kofia moja tumemvika yule mtu wa majani tuliyemsimamisha shambani kufukuza ndege. Ndege hawamwogopi.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo unapoingia wewe.

Zile soksi zilinusurika kwa sababu hazikuwa zimekwisha siku Urbanus alipokuja. Moja ilikuwa tayari. Ya pili Mwaitu aliifuma usiku na mchana ili aiwahi ile Jumapili, akaifikisha kisiginoni, akaenda kanisani. Tangu arudi hajaishika. Jana nilimwomba aimalize nikutumie zote. Akaingia ndani, akaniletea hii moja, akasema niitume peke yake. Nikamwambia mtu ana miguu miwili. Akasema, "Kama yuko hai, atauliza ya pili. Muoki hajawahi kunyimwa kitu akanyamaza."

Ni kweli. Uligomea ubwabwa siku ya harusi yangu kwa sababu nyama yako ilikuwa ndogo kuliko ya Simeon, na Simeon ndiye aliyekuwa bwana harusi. Kwa hiyo ndani ya kifurushi hiki, ambacho nakipeleka kambini kwa mkono wangu bila kupitia kamati ya mtu, utapata chupa mpya ya asali, pilipili kavu, sabuni, na soksi moja ya kijivu. Haikupotea. Hakuna aliyeiiba. Nakusihi usiwe mwelewa, na usimwandikie "Mimi niko salama Mwaitu, asante kwa zawadi," maana barua ya namna hiyo hata Urbanus anaweza kuitunga. Mwandikie kwa mkono wako, ule mwandiko wa kuku. Uliza ng'ombe kwanza. Kisha lalamika. Mwulize ni mama gani anamtumia mtoto soksi moja, na mguu wa kushoto ukavae nini.

Simeon anakusalimu. Beth anakusalimu na mate yake. Warigia anakusalimu, na ingawa nimemweleza yote, bado anasema ulikuwa mpole. Urbanus hajakusalimu kwa sababu sijamwambia naandika. Mwaitu nilimuuliza kama ana salamu, akatazama lango, akasema salamu ameshazifuma.

Mungu akulinde mbele na nyuma, akupe usingizi bila viatu, akurudishe hapa kwa miguu yako yote miwili tukugombanie kama kawaida.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni ukinivuta nywele, na bado nakupenda,

Kamene

Nimeongeza haya nikiwa Theta, kabla ya kufunga bahasha. Nimechungulia kwenye kikapu chake. Soksi ya pili bado imesimama kisiginoni, lakini sindano hajazitoa.