Mgeni wa Jicho la Kushoto

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, ananiandikia jirani wa kitanda. Ule ukungu niliozaliwa nao umeondoka jicho la kushoto. Daktari ameitoa konea yangu, ule utando wa mbele ya jicho, akashonea ya marehemu mmoja.

Asante kwa kuja Jumanne. Kumbe una kovu kidevuni! Miaka yote nimeijua sauti yako tu, halafu siku ninayokuona unakaa kimya.

Binti yako

9 Machi

Mboni ya jicho langu,

Marahaba. Mguu bado umevimba kama mto, sijatoka hata mlangoni. Na kovu sina. Ulimwona nani? Muulize muuguzi.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo anaandika muuguzi. Nilipomtajia Jumanne, kalamu yake ilisimama: bandeji nilifunguliwa Jumatano, siku moja baada ya yule mama kuja. Mimi nilidhani kuona ndivyo kulivyo.

Yule mama bado anakuja. Hukaa kitini akalitazama jicho la kushoto tu. Nilimuuliza anamtafuta nani, akasema, "Mboni ya jicho langu."

Naogopa, mama. Jicho limeanza kuwa jekundu. Daktari anasema mwili unaikataa konea. Likizima kabla sijakuona, nitabaki na uso wake.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usilie, utalichokoza jicho. Nakuja, hata kwa mguu mmoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwenzangu huyo kazika mtoto, na sisi tumepokea jicho lake bila hata kusema asante. Mwambie anisubiri.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Muuguzi amenishika mkono, lakini herufi ni zangu, kwa hiyo usicheke. Wekundu umeisha. Nimekuona, na una mwanya ambao hukuwahi kuniambia. Nimefurahi mpaka nashindwa kulala.

Ulipokipigia magoti kile kiti, muuguzi, aliyekiona kitupu, alidhani mguu umekuishia nguvu. Mimi nilijua unamshukuru nani. Niliwatazama dirishani wewe na yule mama mkiondoka, amekushika mkono ili usijikwae. Tangu hapo hajarudi.

Mama, umefika?

Binti yako

11 Aprili

Mboni ya jicho letu,

Marahaba. Tumefika salama. Mguu hauumi tena. Ukiruhusiwa usichelewe njiani. Kitanda chako tumekitandika, na viti viwili tumeviweka kando yake.

Sisi, mama zako