Trekta ya Majani Imebaki Uani

Namuwongo, Kampala
Machi 1975

Shemeji Dawudi,

Sisi tupo. Mtoto mdogo ameota meno mawili.

Ile trekta kuukuu ya kukatia majani, ya afisa wa polisi wa Naguru, kakako Kamis alikuwa hajaimaliza askari walipokuja kumchukua. Visu vyake vilikwangua upande mmoja na kuruka mwingine. Ubovu niliujua: gurudumu la kushoto halikuwa na upepo. Kamis hujaza upepo kwanza, ndipo aguse bolti za visu. Lakini jana dereva wa afisa alipoijia, nikamwambia, “Hii anaiweza Kamis tu. Mleteni.” Nilidhani mkubwa akiitaka bustani yake, atamtoa.

Dereva akatazama viatu vyake. “Mama, tafuta fundi mwingine.”

Sikulia, watoto walikuwa wananiangalia. Alipoondoka nikachukua pampu ya Kamis, nikajaza upepo, nikapima visu kwa kidole kama yeye, kulia na kushoto, nikakaza bolti. Sasa vimekaa sawa.

Usije, shemeji, nakukataza. Watakuchukua na wewe. Msomee kakako hitima hukohuko Kibera, maana hapa siwezi hata kuwaita majirani.

Bado mke wa kakako,
Kaltumi