Jina Lililotokea Mara Moja

Mukuyuni, Makueni
17 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Muindi,

Nianze na nilichokuficha, maana nikianza na salamu nitapata kisingizio cha kuishia hapo. Tangu mwaka jana najifunza kuandika programu za kompyuta. Mama yako hajui, kanisani hawajui, na wewe ambaye kazi yako ni hiyo hiyo nimekudanganya kila ulipouliza kama ile kompyuta uliyotuachia bado inafanya kazi. Nilikuambia naitumia kusomea Biblia.

Sasa salamu. Hamjambo huko Halifax? Mgongo wa mkeo Nyawira umepoa? Na mjukuu wangu Kihara, bado anakataa maharagwe? Nasikia huu ndio mwezi wenu wa joto. Huku ni baridi na vumbi kwa pamoja, na mama yako analala na soksi.

Kuhusu afya yangu, najua dada yako Kanyiva huwa anakuambia kwenye simu kwamba naendelea vizuri. Siendelei vizuri. Miguu imevimba mpaka viatu havinitoshi tena, na kutoka kitandani hadi barazani lazima nipumzike njiani, nikiwa nimeshika meza. Daktari wa mjini Wote alimweleza mama yako kwamba moyo umechoka. Hakuniambia mimi, ingawa nilikuwa nimekaa hapo hapo baina yao kama mtoto aliyepelekwa chanjo. Usikate tiketi kwa ajili ya barua hii. Nakueleza tu ili ujue kwamba kuna kitu nataka kukimaliza, na sina hakika kama nitakimaliza.

Mvua ilitunyima. Mahindi yalikauka yakiwa yanatoa ndevu. Kyuso kwa wazee wetu, nilivyosikia, angalau wamepata ndengu kidogo. Mchungwa ulio karibu na tangi umezaa, lakini sina nguvu ya kuwafukuza nyani, nao wanajua.

Nirudi kwa kompyuta. Unakumbuka siku Kihara alipotupigia simu akatuonyesha paka aliyemtengeneza shuleni, yule anayeruka ukibonyeza kitufe? Baadaye aliniuliza baba yangu aliitwa nani. Nikamwambia aliitwa Muindi, kama baba yake. Akauliza, na baba ya huyo? Nilipokuwa najibu, mtandao ukakatika. Mlipopiga tena alikuwa ameshakwenda kuoga. Nikafikiri: mtoto huyu hatakaa kwenye kigoda nimhesabie watu wake, na mimi sitakuwepo akifika umri wa kuyataka majina hayo. Lakini kitufe atabonyeza. Basi nimwachie kitufe. Aandike jina lake, naye apewe baba, na baba ya baba, hadi mwisho wa tunaowajua.

Ndiyo programu yenyewe. Najua kwako ni kazi ya kunywea chai. Hiyo ndiyo sababu nilikuficha: ungeiandika yote ukanitumia ikiwa imekamilika, nami ningekushukuru, na isingekuwa yangu.

Nilipata masomo ya bure kwenye mtandao, nikawa nayasoma asubuhi mama yako akiwa shambani. Somo la kwanza lilikuwa kuifanya mashine iandike salamu. Niliandika amri kama nilivyofundishwa. Wekundu ukajaa kwenye kioo, ukisema kwa Kiingereza kikavu kwamba jina hilo halijafafanuliwa. Nikaangalia mabano. Nikaangalia alama za kunukuu. Nikafuta nikaandika upya, wekundu ule ule. Siku ya pili nilichukua miwani ya mama yako juu ya yangu, nikasoma herufi moja moja kwa kidole. Nilikuwa nimeandika plint badala ya print.

Cheka, nimekuruhusu. Miaka yote ile darasani nilikuwa nikiwaambia watoto wa Kikamba kwamba wali hauliwi kwa Kiingereza ukiutamka lice, maana hao ni chawa. Kumbe ulimi wangu ulikuwa umenyamaza tu, ukahamia vidoleni. Kikamba hakina ile herufi r, na uzeeni mtu hurudi kwao.

Baada ya hapo nilizoea wekundu. Mara nafasi nimeacha nyingi, mara nukta pacha nimesahau. Mashine hii haikasiriki na haikuhurumii. Hukuambia mstari uliokosea, ikakaa kimya. Kuna siku nilifunga kifuniko nikasema basi, mtu anayeshindwa kufunga vifungo vya shati hana haja na mambo haya. Kesho yake nikafungua tena. Wagonjwa hawana mahali pengi pa kwenda.

Mama yako alianza kunishuku. Aliniona nikihamisha bando la mtandao kutoka simu yake, akaniona naongea peke yangu, akakaa kando yangu akasema polepole, "Baba Muindi, kama ni kamari wewe sema tu. Nitakuombea, lakini sitakulipia."

Nikamwambia si kamari.

"Basi ni mwanamke?"

"Na miguu hii?"

Akaiangalia miguu, akacheka, akaenda kuteleka sufuria ya githeri. Tangu hapo haniulizi, ila hupita nyuma yangu mara nyingi kuliko kazi inavyotaka.

Siku nyingine Mzee Ndululu alikuja na ndugu wa ushirika kuniombea. Sikuwahi kufunga kifuniko. Ndululu akainama, akatazama kioo kimejaa wekundu, akauliza kama hiyo ni damu yangu wamepima.

Nikasema, "Ni makosa."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akavua kofia. "Basi ndugu zangu, tuanzie hapo hapo."

Waliniombea msamaha kwa muda mrefu sana, Muindi. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Sasa nifike mahali nilipokwama, maana wewe utapaelewa kuliko mtu yeyote. Nilipanga majina kama masomo yalivyofundisha: jina la mtoto upande huu, la baba yake upande ule. Kihara, baba yake Muindi. Muindi, baba yake Nthiwa. Nthiwa, baba yake Muindi. Muindi, baba yake Mutunga. Nikaandika Kihara, nikabonyeza. Mara hii hapakuwa na wekundu hata chembe. Ikatoka: Kihara, Muindi, Mutunga. Imekwisha.

Nikahesabu kwa kidole. Mimi sikuwemo.

Makosa yote mengine mashine ilikuwa imenipigia kelele. Hili ililifanya kwa adabu. Baadaye nikaelewa. Haikubali watu wawili kwenye jina moja. Nilipomwandika babu yako Muindi chini, ilikufuta wewe Muindi wa juu, ikatoka kwa Kihara ikaenda moja kwa moja kwa marehemu, ikaniruka mimi niliye katikati.

Nikabadilisha mpangilio, wewe nikakuweka chini na babu yako juu. Nikabonyeza. Ikaandika Kihara, Muindi, Nthiwa, Muindi, Nthiwa, Muindi, Nthiwa, na haikusimama. Kioo kilikuwa kinapanda kama maji. Sikujua inazuiwaje. Nikachomoa chaja, ikaendelea na betri. Ikapata joto, ikaanza kuvuma, mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema hicho kitu kinapumua. Akakifunika na kanga kama anavyomfunika kuku mkali. Nikasikia kikivuma chini ya kanga mpaka betri ikaisha.

Masomo yanasema hilo ni kosa na lina jina lake. Lakini mimi nililitazama kabla ya kanga kuja, na sikuona kosa. Niliona tunavyofanya sisi. Mtu hufa, jina lake likasimama tena kwa mtoto wa mtoto wake, na huyo akamzaa mwingine wa kulirudisha. Ndiyo maana nilikuita baba ulipokuwa na siku chache, ukiwa huwezi kushika hata kichwa chako, na shangazi zako hawakucheka. Muindi, Nthiwa, Muindi, Nthiwa. Wazee wa Kyuso wangeielewa programu ile mara moja, nao wangeshangaa kwa nini mtu anataka kuizima.

Jina moja tu halikurudi. Kihara alitokea mara moja, juu kabisa, kisha tukampita.

Nimeshairekebisha. Kila mmoja nimempa jina na mahali: wewe ni Muindi wa Halifax, babu yako ni Muindi wa Kyuso, mimi ni Nthiwa wa Mukuyuni. Sasa inakwenda kutoka kwa Kihara, inapita kwako, inapita kwangu, inafika kwa Muindi, inafika kwa Mutunga, halafu inasema haimjui baba yake Mutunga. Hapo ina haki. Hata mimi simjui, na waliomjua wamelala Kyuso. Nimeihifadhi kwenye ile flashi nyeusi, na Kanyiva ataituma pamoja na barua hii akienda posta ya Wote. Mwonyeshe Kihara mahali pa kubonyeza. Ukiona mahali nimeandika vibaya, tafadhali usinisahihishie, mradi inakwenda.

Msalimie sana Nyawira. Mwambie uji wa wimbi alioniachia namna ya kuupika ndio pekee unaokaa tumboni. Mama yako anawasalimu, na Mzee Ndululu, na shangazi yako Kavata ambaye sasa anatembea kwa fimbo kama mimi. Mungu awashike mkono mahali ambapo mimi siwezi kuufikia. Yule mtoto akue, asikie baridi kidogo, na asikose watu.

Nilifikiri ningeishia hapo. Nimepumzika kidogo, na sasa naona ile ya mwanzo haikuwa siri yenyewe.

Kihara alipozaliwa, baba yake Nyawira alikuwa amezikwa wiki ile. Ulinipigia simu, sauti yako ikiwa chini, ukaniambia Nyawira haachi kulia na kwamba mngependa mtoto achukue jina la marehemu, na la kwangu lingojee wa pili. Sikukuacha umalize. Nikasema jina ni jina tu, mwiteni Kihara, hata Wakikuyu ni watu wetu, nimefurahi. Nikampa mama yako simu apige vigelegele. Ulikuwa umefanya haki, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Wa pili hakuja, na hilo si kosa la mtu.

Juzi, programu ilipokuwa imekwisha kukaa sawa, nilifungua orodha nikamfuta Kihara, nikaandika Nthiwa wa Halifax. Nikabonyeza. Ikaenda vizuri, mstari kwa mstari, jina langu juu na jina langu tena katikati. Niliitazama mpaka kioo kikajizima chenyewe. Kisha nikaiwasha, nikamrudishia mtoto jina lake, maana ni lake na analibeba vizuri.

Lakini siku ile kwenye simu, Muindi, nilikudanganya. Nililitaka.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda bila kupungua,

Nthiwa