Njumu za Jenerali

Kaka, uko hapo?

Leo nimemjibu Jenerali. Ndiyo, nahodha wetu mwenyewe, mbele ya timu nzima!

Sheria yake unaijua. Tukifungwa, hakuna kuvua njumu mpaka kila mtu asimame aseme kosa lake. Beki wa kushoto kasema lake huku machozi yanamtoka. Mimi nikasema nilichelewa kutoka golini. Jenerali akanisogelea mpaka puani: "Hukuchelewa. Uliogopa. Mwoga hakai golini kwangu."

Golini KWAKE, kaka!

Sijui nilipandwa na nini. Nikamwuliza, "Na wewe je? Penalti umeipaisha, tumekuona sote. Mbona zamu yako haifiki?"

Kocha akajifanya anahesabu mipira. Kocha!

Nikajua hapa nazabwa kibao. Wapi! Kavua kitambaa cha unahodha, kanitupia kifuani. "Haya, waongoze wewe." Akatoka na njumu zake miguuni, tukazisikia ko, ko, ko mpaka getini.

Na kaondoka, lakini bado hakuna aliyethubutu kulegeza hata kamba ya kiatu. Wananitazama mimi kama nimeua mtu.

Sasa niko nyumbani, kitambaa kiko mezani, mke wangu ananiuliza nimefanya nini.

Subiri.

Kuna mtu anapanda ngazi. Ko, ko, ko. Kaka, hajazivua mpaka sasa!

Yuko mlangoni. Hagongi. Anasema kwa sauti ya chini: "Niliogopa. Naweza kuvua?"