Mume Aliyebisha Mlango

Kiamunyi, Nakuru
16 Septemba 2025

Shemeji Kipngetich,

Natumai jua la Doha limepunguza ukali. Huku mahindi yamekomaa, na paa la jikoni halivuji tena.

Ile filamu ya wanyonya damu uliyonichagulia tuliitazama Jumapili baada ya kanisa, mimi na jirani yangu Sumeya. Ile ya kwanza uliyonitumia ilituchekesha tu, maana damu ilikuwa sosi ya nyanya na yule mzee aliyeigiza mnyonya damu alikuwa karibu kumeza meno yake ya bandia. Hii ni nzuri. Nimeipa nane kwa kumi. Kipkoech angeipa tano. Ndugu yako alipenda kujifanya haogopi, na huku amenishika mkono kabisa.

Lakini kuna mahali mume aliyezikwa anarudi nyumbani na kubisha mlango. Hawezi kuingia mpaka mkewe amkaribishe. Sumeya akaruka kitini: "Wewe mama, usifungue! Huyo si bwanako tena!"

Nikajikuta nimesema, "Mfungulie tu. Maskini, amesimama kwa baridi."

Sumeya alizima televisheni, akaenda kupika chai bila kuniuliza. Hatujui iliishaje.

Nimeandika kwa sababu kwa simu ningelia. Tangu tumzike Kipkoech Aprili, watu huniambia nimejikaza vizuri. Wewe usiache kunichagulia filamu, hata za kutisha zaidi. Ila uzitazame kwanza, uniambie kama kuna mtu anayerudi.

Na Ijumaa yenu ya kupumzika, unikumbuke.

Shemeji yako,
Chepkemei