Waya Chini ya Kidevu

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Koplo Mbae amemwokota mtoto wa dada yake barabarani leo asubuhi. Gikunda, kijana wa kubeba miraa. Pikipiki iligonga punda karibu na Chechelesi. Punda aliondoka akichechemea.

Tulikuwa pamoja kwenye Land Rover. Koplo alishuka, akavua koti, akafunika kichwa — kilichobaki. Kisha akapiga magoti, akaanza kukusanya kwa mikono. Nikamwambia, afande, acha, watakuja wa hospitali. Akasema, "Nimwachie kunguru?"  Nikashika pembe moja ya koti.

Jioni alikuwa bado ananawa kwenye bomba la kambi ya polisi. Hakuna aliyemwambia anamaliza maji.

Jumanne, 7 Agosti

Amri imesomwa kwenye paredi. Kuanzia Alhamisi hakuna kijana kuendesha pikipiki bila helmeti. Asiye nayo, pikipiki italala kituoni na mwenyewe atalala seli. Koplo Mbae ameomba kizuizi cha barabara ya kaskazini. Amepewa. Mimi nimewekwa naye kwa sababu ya Kiborana changu.

Nimemwambia mke wangu Kabale amwonye ndugu yake. Yattani anaendesha pikipiki ya baba yao, mzee Kalicha. Kila wiki anapeleka sukari, majani chai na dawa ya ng'ombe kwenye kambi ya mifugo, ng'ambo ya Gotu, ambako kaka yao Dida analala na ng'ombe waliobakizwa na ukame.

Kabale aliacha kukanda unga. "Yattani akifika kule na helmeti, Dida atamjuaje?"

Ni kweli. Wakati wa vita vya shifta, askari waliokuja kupiga ngamia wetu risasi walikuwa na vichwa vya chuma. Nilikuwa mtoto, nakumbuka vichwa tu, sura sikumbuki hata moja. Ndiyo maana mpaka leo mtu hakaribii kambi uso ukiwa umefichwa. Ukifika laga ya mwisho, ule mto mkavu wa mchanga, unazima injini. Unaacha uso wazi. Unaita — jina lako, jina la baba, ukoo. Ukiitikiwa ndipo unavuka ule mchanga. Usipofanya hivyo, lolote litakalokupata ni lako.

Nikamwambia atavaa kizuizini na kuvua kwenye laga. Rahisi. Kabale akasema, "Haya, mwenye serikali."

Alhamisi, 9 Agosti

Siku ya kwanza kizuizini. Vumbi, jua. Mkono wangu wa kulia unauma ninavyoandika.

Kijana wa kwanza aligusa kofia yake ya msikitini. "Kofia si hii, afande?" Wenzake wakacheka. Koplo akaichukua polepole, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga rungu mpaka ikachanika. "Umeona? Sasa weka kichwa ndani yake." Halafu akampiga kijana kwenye miguu, mfupa wa mbele, mpaka akakaa chini. Aliendelea hivyo siku nzima. Miguu, mapaja, mgongo. Mmoja alivunjika kidole akijikinga. Nikasikia Koplo akimwambia, kwa upole kabisa, "Kichwa sigusi. Kichwa ndicho ninachokulindia."

Alasiri akaja Yattani. Kichwa wazi, nywele zimejaa vumbi, anatabasamu.

"Salaam aleikum, shemeji. Umekuwa mkubwa, unasimamisha hata wakwe."

Koplo akaniuliza, huyu ni wako? Nikasema ni ndugu ya mke wangu.

"Basi mpige wewe. Wasiseme tunapendelea."

Nilichukua kiboko. Nikampiga mapajani. Mwanzoni Yattani alikuwa anacheka, akiwaangalia wengine. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwa Kiborana, "Mkono huu si ndio uliomshika baba yangu siku ya nikaha?" Nikaendelea kwa sababu Koplo alikuwa hajasema basi.

Nyumbani Kabale ameweka sahani mezani na kwenda kukaa nje.

Ijumaa, 10 Agosti

Baada ya sala mzee Kalicha alinisubiri penye viatu, mlangoni pa msikiti. Ameagiza helmeti Nanyuki, imekuja na lori. Ile ya kufunika mpaka kidevu, mbele kioo cheusi kilichopigwa skrubu, hakifunguki. Aliinua juu watu wote waione. "Nimemnunulia mtoto kichwa cha askari. Mmeridhika?"

Mtu nyuma akasema Kalicha amezaa afande. Watu wakacheka. Mzee hakucheka, wala mimi.

Jumatatu, 13 Agosti

Tumechekwa siku hizi zote, kumbe.

Kajuju, yule mama wa miraa mwenye meza kando ya kizuizi, anakodisha helmeti. Kijana anaivaa mezani kwake, anapita mbele yetu kama mtu wa heshima, akivuka kona anaivua. Mtu anaitia kwenye gunia la miraa na kuirudisha. Koplo aligundua kwa sababu ya nyekundu moja yenye ufa. Ilipita, ikapita, ikapita tena na kichwa kingine.

Mwanzoni alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mazishi ya Gikunda. Kisha akapindua meza. Akakanyaga miraa. Kajuju akamkamata ukosi — "Mbae, mimi nimechota maji mto mmoja na mama yako, unanikanyagia chakula?" — naye akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Kajuju alitema jino mkononi. Akaliangalia. Akalifunga kwenye kitambaa.

Koplo akaenda gereji na kurudi na koleo na waya mwembamba. Sasa kila anayekwenda kaskazini mkanda wa helmeti unafungwa kwa waya chini ya kidevu, unazungushwa kwa koleo, ncha inakatwa. Kwa mkono haufunguki. "Watafungua kwao," anasema. "Kwao hakuna koleo?"

Mimi ndiye ninayezungusha. Anasema mkono wangu ni mwepesi, siwabani ngozi.

Jumanne, 14 Agosti

Yattani alikuja jua limeshuka. Ng'ombe wa Dida wanaumwa, ametumwa kupeleka dawa. Helmeti mpya kichwani, imekaa sawasawa, mkanda umefungwa. Nilifurahi. Nikafungua kamba apite.

Koplo akasema, waya.

Nikasema, afande, ni yake mwenyewe, hakukodi.

"Akifika kona ataivua."

Yattani akajibu mwenyewe. Sauti ilitoka ndani kama ya mtu aliye kwenye pipa. "Si kona, afande. Laga. Kule wanataka kuona uso."

"Wanaume wa wapi hao, wanaogopa helmeti?"

Nikaeleza. Yote — vichwa vya chuma, ngamia, kuita. Nikaeleza na habari za wezi wa ng'ombe waliopita Gotu wiki jana. Koplo alinisikiliza vizuri, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Gikunda naye alikuwa na sababu." Akanipa koleo.

Nilizungusha. Nikamwambia Yattani kwa Kiborana, simama Ngare Mara, tafuta mtu mwenye koleo. Akasema sawa, shemeji. Sikuona macho yake. Kwenye kioo nilijiona mimi.

Jumatano, 15 Agosti

Hakuna habari. Nimeuliza dereva wa lori la ng'ombe kutoka Gotu. Alipita usiku, hajui.

Waya umeisha. Koplo ameagiza mwingine.

Alhamisi, 16 Agosti

Yuko hai. Nianze na hilo.

Lori la kwanza kupatikana lilimleta hospitali leo alfajiri, juu ya ngozi, katikati ya mbuzi. Mchungaji aliyekuja naye amenieleza hivi. Ngare Mara maduka yalikuwa yamefungwa. Yattani aliogopa ng'ombe watakufa, akaendelea. Kwenye laga akazima injini. Akasukuma pikipiki. Akaita — jina lake, la baba, ukoo, vyote kwa utaratibu. Lakini sauti ilibaki ndani ya helmeti. Kambini walisikia mngurumo tu, kama mnyama. Wakaona kichwa kinachong'aa kinapanda kutoka kwenye mchanga. Dida ana bunduki ya zamani anayoificha. Akapiga.

Yattani alianguka, nao wakakimbia na mikuki kummaliza. Mmoja alikwisha kumchoma begani. Kisha Dida akaona mfuko wa dawa. Ni yeye aliyeuagiza.

 Dida alishika helmeti kwa mikono miwili, akaivuta. Waya ukaingia kooni. Akavuta tena, hakujua kuna waya, alidhani ni mkanda. Damu ikamwagika juu ya mikono yake naye anavuta, analia, anamwita ndugu yake atoke. Mzee mmoja alimpiga fimbo ili aache. Wakakata mkanda kwa kisu.

Risasi iliingia kwenye shavu. Jicho la kushoto limekwenda. Koo limeshonwa. Hasemi. Daktari anasema bila helmeti risasi ingetokea upande wa pili na tungekuwa tunachimba kaburi. Koplo alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mmesikia?"

Nilimpiga. Mdomoni, mbele ya wagonjwa. Nikampiga tena alipoegemea ukuta. Mtu mkubwa kuliko mimi, hakuinua mkono. Alifuta damu akasema, "Wangu yuko chini ya udongo, Ibrae. Wako anapumua." Akaondoka.

Kabale alikuja na shuka. Aliangalia kitanda kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Waya ulizungusha wewe?"

Nikasema ndiyo.

Akanipiga kofi. Si kwa hasira — kama mtu anayefunga mlango. Amehamia kwa baba yake.

Ijumaa, 17 Agosti

Koplo hakunishtaki. Midomo imevimba, anasema alijigonga kwenye Land Rover.

Sajini wa kituo ameniita. Bunduki bila kibali, jaribio la kuua. Dida anatakiwa. Kikosi kitaondoka Jumapili mapema, Koplo Mbae na watu saba, na mimi niwaonyeshe njia. Nikauliza, akikimbia? Sajini akasema, "Mwenye bunduki akikimbia, unajua." Nikasema hakupiga polisi, alipiga ndugu yake, na kwa makosa. Akasema hayo ataeleza mahakamani. Nikasema basi afike mahakamani. Akasema, "Ndiyo maana nakutuma wewe."

Jumamosi, 18 Agosti

Kabale alikuja kwenye seng'enge ya kambi. Hakuingia. Habari za safari amezisikia sokoni.

"Yattani ameshika mkono wangu leo," akasema.

Nikasema al-hamdulillahi.

"Baba ana watoto wa kiume wawili tu. Huyu mmoja umemleta kwenye lori la mbuzi. Wa pili atembee kwa miguu yake, unanisikia? Kwa miguu yake. Ukimleta amelala, usirudi."

Nikasema nimesikia. Alishika waya za seng'enge mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha akaenda.

Mchana tumegawiwa risasi na helmeti za chuma.

Jumapili, 19 Agosti. Kwenye laga.

Naandika magotini.

Tumeacha gari nyuma ya miiba. Moshi wa kambi unaonekana. Nasikia kengele za ng'ombe, chache. Sajini amekuja mwenyewe dakika ya mwisho. Amesema tuvae helmeti, tujipange mstari, tuvuke kwa pamoja.

Nimemwambia watapiga. Nimesema niende mbele peke yangu, kichwa wazi, niite. Dida ananijua. Nimekaa naye kwenye sahani moja. Nitamwambia aweke chini bunduki, atembee nami mpaka garini. Sajini amesema serikali haibishi hodi. Nikasema, basi ni vichwa vyetu au ni cha Dida, hakuna cha tatu. Akasema, "Vaa, Ibrae." Nimeiweka mchangani. Amesema dakika chache, kisha hataki kuniona bila hiyo.

Wenzangu wamevaa. Nikiwatazama kwa mbali siwezi kujua nani ni nani.

Koplo Mbae amekuja kukaa kando yangu.  Kisha akasema kwa sauti ndogo, Sajini asisikie, kwamba yeye akiwa mbele pamoja nami, Sajini hataweza kutuzuia kwa risasi. Nikamuuliza, utavua?  Amefungua mkanda. Mikono yake inafanya kazi polepole kama siku ile barabarani.

"Wanaitaje?"

Nikamwambia. Jina lako. Jina la baba. Ukoo. Kwa sauti, na usiongeze mwendo mpaka uitikiwe.

Akarudia, akikosea. Nikamsahihisha. Jina lake analo. Baba yake anaitwa Kaimenyi, akalijaribu kwa sauti, Mbae wa Kaimenyi.  Akatazama ng'ambo, kwenye moshi.

"Na ukoo? Mtu ambaye hapa hana ukoo, anaita nini?"

Helmeti yangu naiacha mchangani. Mbwa wameanza kubweka ng'ambo. Sajini anatuonyesha kwa mkono tuinuke