Kalunde Alisema Hajaolewa

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Kathonzweni hatujambo. Ndengu tumevuna, na kifua cha babu yako kimetulia.

Umeniuliza kama ni vizuri kuwafundisha wasichana wa darasa lako mambo ya kuzuia mimba, maana wazazi wengine wamekasirika.

Nilikuwa na rafiki shuleni, Kalunde. Shangazi yake alimpa dawa ya kienyeji, akamwambia ni ya kusafisha tumbo. Damu ikaanza kumtoka, tukampeleka hospitali. Nesi akamwuliza, "Ulijua una mimba?"

Kalunde akamkodolea macho. "Mimba? Lakini mimi sijaolewa."

Nesi akakaa kitandani, akamshika mkono. Hata mimi niliamini mimba ni ya walioolewa tu. Kalunde hakutoka hospitali akiwa hai. Siku ya mazishi, kanisani wakatuambia ni malaria iliyomuua, na hakuna mtu mzima aliyetueleza lolote.

Mama yako alipofika umri ule wa Kalunde nilimweleza yote.

Wafundishe, Mwende. Wazazi wakija kukufokea, walete kwangu niwaambie juu ya Kalunde.

Ni mimi nyanya yako,
Nduku